Nani Kasema Wamearifiwa?

Mama mmoja wa mtaani kwetu Buguruni, muuza vitumbua, alitozwa faini ya shilingi 10,000 kwa kosa la kutoonekana msibani. Si mimi niliyemtoza. Lakini mkono wangu umo, na ndiyo maana nimekaa kuandika haya badala ya ile hadithi ya mapenzi niliyomwahidi mhariri. Aniwie radhi. Mapenzi hayaozi, yatasubiri.

Chama chetu ni cha kufa na kuzikana. Kina wanachama 43, wengi wao watu wazima. Mwanachama akifiwa anampasha habari mwenyekiti, mwenyekiti anawapasha wengine, watu wanakusanyika, rambirambi inatolewa, maiti inasitiriwa, matanga yanakaliwa. Asiyetokea bila udhuru anatozwa. Zamani habari ilipelekwa kwa miguu; alikuwepo kijana maalumu wa kuzunguka nyumba hadi nyumba. Zikaja simu, mwenyekiti akawa anapiga namba moja baada ya nyingine mpaka vocha inamwishia kwenye namba ya ishirini. Ndipo mimi na mshikaji wangu, wasomi wa kompyuta wa uswahilini, tukajitia kimbelembele: tutawatengenezea programu ya simu, tena bure. Mwenyekiti ataandika tangazo mara moja, atabonyeza, na kila mwanachama atalipata papo hapo. Asiye na simu janja aliandikishwa kwa simu ya mwanawe au mjukuu wake. Siku tuliyoikabidhi tulipigiwa makofi, na soda juu.

Miezi saba mambo yalikwenda. Mwezi wa nane akafiwa na mama yake mzazi mwanachama mmoja aliyekuwa amehamia Mbagala. Mwenyekiti akaandika tangazo, akabonyeza, na kioo cha simu yake kikamjibu kwa maandishi ya kijani: "Wanachama 43 wamearifiwa." Muuza vitumbua hakuonekana Mbagala siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Na mfiwa alikuwa shoga yake wa miaka na miaka, wameleana watoto. Mkutano uliofuata mwenyekiti akamnyoshea simu: "Haya, soma mwenyewe. Wanachama 43. Kwani wewe si mmoja wao?" Mama akasema, "Haki ya Mungu, mimi sikupata kitu." Watu wakaguna. Nani amwamini mtu mbele ya mashine? Akafungua pindo la kanga, akalipa.

Mimi nilikuwepo, nimekaa nyuma karibu na mlango. Nilinyamaza. Kwanza kwa sababu na mimi niliiamini mashine. Pili, na hili ndilo baya, kwa sababu nilijua kitu ambacho wengine hawakukijua: yale maneno ya kijani niliyaandika mimi, na ile 43 haikutokana na kuhesabu waliopata habari. Ilitokana na kuhesabu majina yaliyomo kwenye daftari la chama. Hata simu zote zingekuwa zimetumbukia baharini, kioo kingesema vilevile: wanachama 43 wamearifiwa.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuchezea mambo haya, nieleze kidogo. Ndani ya programu, sehemu moja haiendi moja kwa moja kwa nyingine kuiambia kila jambo. Ingekuwa hivyo zingenasana kama nyavu zilizokaushwa vibaya, ukigusa huku kunakatika kule. Kwa hiyo hutumika ujanja: sehemu moja inatangaza kuwa tukio fulani limetokea, na sehemu zozote zilizojiandikisha kuwa zinalisubiri tukio hilo zinasikia. Mtangazaji hamjui msikilizaji. Anapiga mbiu, basi. Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1979 Mnorwei mmoja, Trygve Reenskaug, akiwa kwenye maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, alieleza jinsi ya kutenganisha taarifa na vioo vinavyozionyesha. Mwaka 1994 mabwana wanne, Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, wakatoa kitabu chenye mipango 23 ya kujengea programu, na mmojawapo ukawa huu wa mtangazaji na watazamaji wake. Leo sidhani kama kuna programu ya simu iliyojengwa bila ujanja huu kwa sura moja au nyingine.

Uzuri wake ni uhuru. Mpiga mbiu hahitaji kujua nani amekaa barazani na nani kaenda kisimani. Unaweza kuongeza msikilizaji wa kumi bila kumgusa mtangazaji. Tulipofundishwa jambo hili nililipenda mno, nililiona kama ushairi.

Ubaya wake uko mahali palepale. Programu inapotangaza, inapita kwenye orodha ya wasikilizaji na kumwambia kila aliyemo. Orodha ikiwa na watatu inapita mara tatu. Orodha ikiwa tupu inapita mara sifuri, inarudi, inasema tayari. Hakuna kosa lililotendeka. Hakuna onyo. Hitilafu nyingine zina adabu: programu inazimika ghafla mikononi mwako, mtumiaji anakasirika, unajua pa kuanzia. Hii imenyamaza kama mtu mzima aliyeudhika.

Siku ya pili baada ya mkutano tukamfuata mama kwake, tukamwomba simu. Tukaanza kusaka. Kwanza tukaushuku mtandao. La, siku ile saa ile alikuwa na bando, tena alipokea picha za mjukuu kutoka Tanga. Tukaushuku usingizi wa simu. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyoachwa imetulia hulazwa ili kutunza chaji, na programu zote hunyimwa mtandao mpaka zipewe nafasi; na kampuni nyingine za simu huongeza ukali wao juu ya huo, zikaua kabisa programu isiyoguswa. Lakini sisi matangazo yetu tuliyapa daraja la haraka, lile linaloruhusiwa kuamsha simu. Tukashuku ruhusa, maana tangu Android 13 ya mwaka 2022 programu lazima imwombe mwenye simu idhini kabla ya kumpigia kengele. Simu ya mama ni ya zamani kuliko sharti hilo. Tukashuku anwani ya simu kule kwenye seva, kwani programu ikifutwa na kuwekwa upya anwani hubadilika na barua zinakwenda nyumba isiyokaliwa. Anwani ilikuwa sahihi.

Tukaiweka simu juu ya meza, kioo kimezimwa, tukatuma tangazo la majaribio. Ngrii! Tukatuma tena. Ngrii! Mara tano tulituma, mara tano ikalia, na mama kila ikilia anashtuka akidhani kuna maiti mwingine. Mshikaji wangu akatazama saa. Akaninong'oneza, "Bi mkubwa kapitiwa tu. Kaona, kasahau."

Hapa naomba tukae kidogo, ewe kijana mwenzangu. Sisi tunaotengeneza mashine tuna tabia mbaya kuliko tunavyojidhania. Tukishindwa kuliona tatizo kwa macho yetu, tunamgeuza aliyelileta kuwa mwongo. Hatusemi "mwongo", sisi ni wastaarabu. Tunasema "kapitiwa", tunasema "kwangu inafanya kazi". Lakini kushindwa kwangu kulirudia jambo si ushahidi kwamba halikutokea. Ni ushahidi kwamba sijajua lilitokeaje. Daktari mgonjwa akimwambia anaumwa usiku, hamwambii "mbona sasa hivi mchana huumwi". Au labda wapo wanaosema hivyo, na tunawalaani.

Ndipo nikauliza swali ambalo lingekuwa la kwanza kama ningekuwa na akili. "Mama, siku ile mchana, saa tangazo linatumwa, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Akafikiri. "Saa saba hivi? Nilikuwa nimemaliza vitumbua. Nilikuwa humohumo kwenye mashine yenu, mwanangu, naangalia kama ile elfu tano yangu ya mwezi imeingia."

Mshikaji akanitazama, nami nikamtazama.

Tulijenga njia mbili. Tangazo likifika simuni na programu imefungwa, simu inapiga kengele na tangazo linatokea juu ya kioo. Tangazo likifika na programu imefunguliwa, hatukuona haja ya kengele: mtu si tayari yumo ndani? Basi tukatangaza tukio kimyakimya ili ukurasa wa matangazo ujionyeshe wenyewe. Lakini ukurasa ule unasikiliza pale tu unapokuwa mbele ya macho. Ukihamia ukurasa wa michango, ule wa matangazo unajitoa kwenye orodha ya wasikilizaji. Na tuliufundisha kujitoa kwa sababu nzuri, maana msikilizaji anayeondoka bila kuaga ni ugonjwa mwingine: anabaki kwenye kumbukumbu ya simu kama mzimu, anaendelea kupokea habari zisizomhusu, na mizimu ikiwa mingi simu inaelemewa. Tulifuata adabu zote za vitabuni. Matokeo yake, mtu aliyekuwa kwenye ukurasa wa michango alikuwa ndani ya programu, kwa hiyo kengele haikulia, na hakuwa kwenye ukurasa wa matangazo, kwa hiyo orodha ilikuwa tupu. Mbiu ilipigwa kwenye chumba kisicho na mtu. Na aliporudi ukurasa wa matangazo haukwenda kuiuliza seva kama kuna jipya, mpaka uuvute chini kwa kidole, kwa sababu tulitaka kuwaokolea watu bando.

Tukajaribu mbele yake. Tukafungua michango, tukatuma tangazo. Kimya. Tulikuwa tumeongeza mstari mmoja wa kuhesabu wasikilizaji, na kwenye kompyuta ya mshikaji ukatokea: wasikilizaji 0. Chini yake, bila haya, ule mstari wetu wa zamani: tangazo limefikishwa.

Kwa hiyo waliokuwa mbali na simu zao, zimetupwa kitandani, zimo kwenye mikoba, walipata. Aliyekosa ni yule aliyekuwa humo ndani anahakikisha kama ametimiza wajibu wake kwa chama. Sijui kama kuna neno la Kiswahili la dhuluma isiyokusudiwa na mtu yeyote. Anayelijua aniandikie.

Kurekebisha mashine kulichukua jioni moja. Sasa tangazo likifika linaandikwa kwanza kwenye ghala ya simu, ndipo mbiu inapigwa. Na kila ukurasa ukirudi mbele unasoma ghalani kabla ya kusikiliza. Google wenyewe mwaka 2017 walitoa chombo cha kusaidia jambo kama hili, kinachomtunzia aliyechelewa habari ya mwisho na kumpa akitokea. Ila ni ya mwisho tu. Wakifa wawili ndani ya saa moja utampata mmoja, kwa hiyo sisi tunaandika zote. Basi, hayo ya ufundi yameishia hapo.

Lile neno ndilo lililoninyima usingizi.

Nyinyi mnaoandika mtanielewa, kwa kuwa ni jambo la kitenzi. Ukisema "nimetuma", unajisemea wewe. Ukisema "imetumwa", unasemea barua. Ukisema "wamearifiwa", umeingia vichwani mwa watu 43 na kusema kilichomo. Arifu na maarifa ni watoto wa ukoo mmoja; aliyearifiwa ni mtu anayejua. Mimi nilijua nini kuhusu kichwa cha mama yule? Hata seva kubwa za Google zinazobeba matangazo haya hazithubutu kusema hivyo. Ukizikabidhi ujumbe zinakujibu tu kwamba zimeupokea ili zikausafirishe, na simu isipopatikana zinautunza hadi wiki 4, kisha zinautupa. Ni sawa na karani wa posta anayegonga muhuri. Muhuri wa posta ya Dar si alama ya kidole ya mpokeaji wa Songea. Mimi nilichukua muhuri nikauita alama ya kidole, kwa sababu "wamearifiwa" lilionekana zuri pale juu, kwa rangi ya kijani.

Najua utasema, bwana we, kila jamii inaishi kwa mbiu. Kweli. Sheria ikitangazwa kwenye Gazeti la Serikali inahesabiwa kuwa imejulikana, na ukikamatwa huwezi kujitetea kwamba hukulisoma. Dola haiwezi kugonga kila mlango. Enzi za Radio Tanzania yalikuwepo matangazo ya vifo, wazee wetu walikuwa wakisikia yanaanza wanaamrisha watoto wanyamaze, na redio haikujua nani kasikia na nani betri zimemwishia. Lakini pale redio haikuwa peke yake. Aliyesikia alivuka uwanja akamwambia jirani, "Umesikia redio?" Mbiu ilikuwa na miguu. Na sijapata kusikia kwamba mtu alitozwa faini kwa ushahidi wa redio pekee.

Mbali na mbiu, tunayo hodi. Watoto wa pwani tumelelewa nayo hata hatuioni tena. Unasimama mlangoni, unapiga hodi, unangoja. Kimya. Unapiga ya pili, unangoja. Ya tatu. Usipopata "karibu" unageuza. Hukufanikiwa, lakini tazama umeondoka na nini: umeondoka unajua kwamba hukufanikiwa. Mtu aliyepiga hodi tatu bila kujibiwa hawezi kwenda kusema "nimemwambia". Atasema "nilikwenda, sikumkuta". Hiyo sentensi ya pili ndiyo programu yetu haikuwa na uwezo wa kuisema. Tuliipa mdomo tukainyima sikio.

Hoja yangu basi ni hii, nayo si kubwa. Mbiu inatosha pale ambapo asiyesikia hatadhurika, au pale ambapo mtangazaji hatamdai kitu. Lakini mara tu unapotaka kumshika mtu kwa habari uliyompa, kumtoza, kumfukuza, kumnunia, mzigo wa kuthibitisha kwamba ilimfika ni wako. Wewe ndiye unayetaka kuitumia. Tulichofanya sisi ni kumpa mwenyekiti mbiu, naye kwa nia njema akaitumia kama hodi iliyojibiwa.

Mshikaji wangu hakukubali. Ni mtu wa hesabu, na usiku mmoja kijiweni, tunakula chipsi, akanitolea mfano wa majenerali wawili, maarufu tangu Jim Gray aliposimulia mwaka 1978. Majenerali wa upande mmoja wamepiga kambi kwenye vilima viwili, adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja wanashinda, mmoja akishambulia peke yake anakwisha. Wa kwanza anatuma tarishi: kesho alfajiri. Lakini tarishi anaweza kukamatwa bondeni. Kwa hiyo anangoja jibu. Wa pili anajibu, lakini naye hajui kama jibu limefika, kwa hiyo anangoja jibu la jibu. Na hilo nalo linataka jibu. Imethibitishwa kihesabu kwamba hakuna idadi ya matarishi itakayowatosha. "Umeona?" kasema mshikaji, anaramba kidole. "Hodi yako haina mwisho. Hakuna anayejua kwa hakika. Tumetuma, yametoka mikononi mwetu, tumemaliza."

Kwa kweli alinifunga mdomo. Nilifika nyumbani ndipo nikaliona tundu. Majenerali wanahitaji kitu kikubwa: kila mmoja ajue, na ajue kwamba mwenzake anajua kwamba yeye anajua, mpaka mwisho usiokuwepo, kwa sababu wanataka kutenda pamoja. Mimi sikuhitaji yote hayo. Nilihitaji kujua jambo moja, kama mama amepata habari. Kwa hilo jibu moja linatosha. Likinifikia, najua. Lisiponifikia sijui, na nisipojua, siandiki kwamba najua. Hesabu za Gray zinasema hakika kamili haipatikani. Hazisemi kwamba asiye na hakika anaruhusiwa kudanganya.

Msije mkadhani namtetea kila asiyesikia. Wapo wanaozima kengele makusudi, kundi la michango likianza kuwaka mtu anajitoa kimyakimya, kisha akikutana nawe sokoni anakwambia "sikuona, simu yangu mbovu". Tunawajua. Wengine ni sisi. Mtu aliyejiziba masikio ana deni lake, na kujiandikisha kusikiliza ni wajibu kama kutangaza ulivyo wajibu. Tabu ni kwamba ukiwa upande wa mtangazaji, aliyejiziba na aliyeonewa wanafanana kabisa. Wote wawili ni kimya. Mashine haiwezi kuwatenganisha. Inabidi mtu ainuke akaulize.

Jumapili iliyofuata nilisimama mkutanoni. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za kurasa na orodha, nikaona nyuso, nikaacha. Nikasema tu kwamba mama alisema kweli, tangazo halikumfika, na maneno yaliyomtia hatiani niliyaandika mimi bila kuwa na haki ya kuyaandika. Mwenyekiti akasema, "Kumbe mashine ilikosea." Nikamwambia hapana, mzee, mashine ilifanya nilichoiambia. Hakupenda. Naona ingekuwa nafuu kwa wote kama ingekuwa ni mashine.

Faini ilirudishwa palepale. Mfiwa wa Mbagala hakuwepo. Mama alimfuata wiki ile na kanga na unga, akapokewa, wakakaa, wakalia. Lakini aliniambia baadaye kwamba si kama zamani. "Yeye ananiambia keshanielewa," alisema, anageuza vitumbua bila kunitazama. "Ila siku tatu zile alikuwa anaangalia mlangoni, mwanangu." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Shilingi 10,000 zinarudi. Siku tatu za mtu kutazama mlango zinarudishwaje?

Sasa tangazo lina kitufe chini yake: "Nimepata habari." Anakibonyeza mtu mwenyewe. Na kioo cha mwenyekiti hakina tena rangi ya kijani. Mara ya mwisho kiliandika: "Imetumwa kwa 43. Wamejibu 31. Hawajajibu 12," na majina 12 yakafuata pamoja na namba zao na nyumba zao. Mwenyekiti alinipigia usiku uleule, sauti ya mtu aliyechoka.

"Sasa hawa 12 ndiyo nini? Si nilikuwa nabonyeza mara moja tu naenda kulala?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa niwafanyeje?"

Nikamwambia awapigie, na wasiopatikana amtume mtu akapige hodi. Simu ilikuwa inakatakata, nasikia "eeh... eeh..." halafu kimya. Sikujua kama ile "eeh" ya mwisho ilikuwa ya kukubali au ya kuuliza nimesema nini. Nikapiga tena.